Fundi Asiyenyoosha Mti

Msafiri anayetaka kujua hali ya misitu ya Biharamulo hana haja ya kuingia porini. Azunguke karakana za maseremala mjini, atazame vitanda vilivyopangwa mbele ya mabanda, kisha aulize ni mbao gani. Kitanda cha mninga bado kipo, ila kimekuwa cha kuagiza na kusubiri. Vya kulipia leo na kuondoka navyo ni vya paini, mkaratusi na mgrevilea, miti iliyopandwa kwa mkono wa mtu. Muuzaji hutaja mninga kwa sauti ya mtu anayemtaja ndugu aliyehamia mbali.

Nilifika huko nikitokea Mwanza kwa njia ya Sengerema, Geita na Bwanga. Daraja la JP Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kuunganisha Kigongo na Busisi, limefuta foleni ya kivuko, na basi liliingia Biharamulo jua likiwa bado juu. Mji huu ulikuwa kituo cha utawala tangu enzi za Wajerumani, na boma lao la mwanzoni mwa karne ya 20 lingali limesimama. Sikuwa nimefuata boma. Nilikuwa nimefuata benchi.

Picha ya benchi hilo nilitumiwa na rafiki aliyelikalia katika nyumba ya wageni njiani kwenda Ngara. Ubao wake wa kukalia ulikuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na ukingo wa mbele ulikwenda ukipinda kama gome lilivyopinda. Upande mmoja wa benchi ulisimama juu ya panda: tawi lililogawanyika mawili, likageuzwa kichwa chini, likawa miguu miwili. Pale ambapo seremala yeyote angeweka kiungo, gundi na msumari, hapakuwa na kitu. Mti wenyewe ndio uliokuwa kiungo. Nikauliza kazi hiyo ni ya nani, nikajibiwa kwa neno moja: Runazi.

Runazi ni kata ya Wilaya ya Biharamulo. Bodaboda aliyenipeleka alikuwa kijana wa huko huko, na njia nzima alinionyesha nani analima nini: mahindi ya huyu, mihogo ya yule, migomba ya familia fulani. Tulipishana na baiskeli zenye magunia ya mkaa, marefu kuliko wanaozisukuma. Kati ya shamba na shamba yalibaki mapande ya pori la miombo, mitundu mingi yenye mashina yanayochipua upya pale yalipokatwa. Kijana aliponiuliza nakwenda kwa nani, nikamweleza, alicheka. "Kwa babu wa kuni? Utamkuta."

Jina lile nililielewa nilipofika. Seremala wa kawaida hujulikana kwa rundo lake la mbao zilizopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Uani kwa huyu mzee palikuwa na rundo ambalo mpishi yeyote angelitamani: matawi yaliyopinda, visiki vyenye mizizi, vipande vya vinu vilivyopasuka, na mabanzi. Chini ya mwembe ndipo ilipokuwa karakana yake, yaani kigogo cha kufanyia kazi, tezo mbili, patasi, msumeno wa mkono, keekee, na randa moja iliyokuwa imepata kutu kidogo kwa kutotumika sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Kaa, ila uchague mwenyewe pa kukaa."

Viti vilikuwa saba au vinane, na hakuna viwili vilivyofanana. Nilikalia kigoda cha miguu mitatu nikagundua kwamba miguu yote mitatu na kikalio chake vilikuwa mti mmoja. Fundi alilitafuta tawi pale lilipogawanyika matatu, akalikata juu na chini ya mgawanyiko, akaligeuza. Shina likawa kikalio, matawi yakawa miguu. Mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, alinieleza kwamba cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa ya udongo na mabonde. Ni kweli, na ndiyo sababu vigoda vingi vya zamani katika nchi hizi vina miguu mitatu: nukta tatu daima hupata kutua, ya nne ndiyo inayoleta ugomvi.

Nilimwomba mzee anionyeshe kazi tangu mwanzo. Hakuanza kwa kalamu wala kwa rula. Alikwenda kwenye rundo, akavuta tawi la mwembe lenye panda, akalizungusha, akalisimamisha hivi, akalilaza vile, akalirudisha. Akavuta jingine. Hilo alilitazama muda mrefu zaidi, akalibonyeza chini kwa uzito wake wote, halafu akalikalia. Mjukuu alinong'ona kwamba hapo babu anauliza mti unataka kubeba wapi. Mzee akamsikia, akamkemea: "Mti hautaki kitu. Unaonyesha tu ulikuwa unabeba nini."

Kauli ile ndiyo niliyoizungusha kichwani safari nzima, kwa sababu ndani yake mna elimu ya uhandisi. Tawi likiwa bado mtini hubeba uzito wake, majani, matunda na upepo wa miaka mingi. Pale linapotokea kwenye shina, mti huongeza unene na kuzielekeza nyuzi zake zifuate njia ya mzigo. Nyuzi za shina na nyuzi za tawi husukana. Panda, kwa hiyo, ni kiungo kilichokwisha kujaribiwa kabla seremala hajanoa tezo. Chukua ubao ulionyooka ukakate mguu uliopinda kutoka ndani yake: kwa macho utapata umbo lile lile, lakini nyuzi zitakuwa zimekatizwa penye pindo, na hapo ndipo mguu utakapovunjika siku mgeni mnene atakapoegemea.

Baada ya kuchagua, kazi yenyewe ni ya kupunguza. Gome likatoka kwa tezo, kisha ule weupe wa nje ukachunwa palipoonekana matundu ya wadudu. Kikalio kikakwanguliwa mpaka kikawa na shimo dogo la kupokea makalio. Miguu ikabaki na mafundo yake. Kusawazisha urefu, mzee alikiweka kigoda juu ya jiwe bapa, akakata kijiti, akakipitisha kuzunguka kila mguu huku mkaa uliofungwa juu ya kijiti ukichora mstari. Alama zote zikawa kimo kimoja kutoka jiweni, hata kama mguu mmoja uliinama na mwingine ulisimama wima. Akakata penye alama, akakitua chini. Hakikucheza.

Wenye kusoma majarida ya nje wataona hii ni fasheni mpya. Wa pwani hawatashangaa. Waunda majahazi na madau, kuanzia Lamu hadi Unguja na Pangani, hawazipindi mbao za mataruma yale yanayoshika ubavu wa chombo. Huyatafuta yaliyopinda yenyewe. Fundi huingia msituni au shambani akiwa na kipimo cha pindo analolihitaji, akatazama matawi hadi apate linalolingana. Sababu ni ile ile ya kigoda cha Runazi: bahari hupiga penye pindo, na nyuzi zisizokatizwa ndizo zinazostahimili. Mkulima naye, wa bara au wa pwani, akitaka mpini wa jembe la kuchomeka, huchagua tawi lenye kifundo kichwani, palipo panene, maana ndipo chuma kitakapoingia. Mpokot na Mkaramojong hutembea na kigoda cha panda ambacho mchana hukikalia na usiku hukilalia kichwa. Hakuna aliyekiita kitu hicho ubunifu. Kiliitwa akili.

Hata kazi za kifalme zilianzia kwenye gogo moja. Katika makumbusho ya Berlin kimehifadhiwa kiti chenye egemeo refu kutoka Buruku, katika utawala wa Bulungwa wa Wanyamwezi, upande wa Kahama, kilichochukuliwa mwishoni mwa karne ya 19. Mgongoni mwake pamechongwa umbo la mtu. Nilimwonyesha mzee picha yake katika simu. Hakuvutiwa na sanamu. Alikuza picha kwa vidole hadi akafika miguuni, akaitazama inavyopanuka kwenda chini, kisha akasema aliyekichonga alikuwa mchumi: hakutupa mti palipokuwa na mti.

Mjukuu naye alikuwa na picha zake. Alinionyesha meza za huko Ulaya na Marekani ambazo katikati ya mbao mbili zenye kingo za asili hutiwa gundi ya rangi ya bluu inayong'aa ili ifanane na mto. Alitaka kujua gundi hiyo inapatikana wapi. Babu yake alitaka kujua kwa nini mtu afiche ufa kwa bluu.

Nilimsimulia mzee kuhusu George Nakashima, aliyezaliwa Spokane, Marekani, mwaka 1905, kwa wazazi wa Kijapani. Alisomea usanifu wa majengo, akafanya kazi Japani na India, akarudi kwao, na mwaka 1942 akafungwa na serikali ya nchi yake mwenyewe katika kambi ya Minidoka, Idaho, pamoja na maelfu ya Wamarekani wenye asili ya Japani. Humo kambini alikutana na seremala aliyefunzwa kwa mila za Kijapani, Gentaro Hikogawa, wakafanya kazi kwa mabaki ya mbao yaliyopatikana. Alipoachiwa mwaka 1943 akahamia New Hope, Pennsylvania, na huko akatengeneza meza zilizompatia jina: mbao pana zilizobakiza ukingo wa gome, mafundo na nyufa. Ufa hakuufukia. Aliufunga kwa kabari ya mbao yenye umbo la kipepeo, ili usiendelee na ili uonekane. Alifariki mwaka 1990, na leo samani zake hununuliwa na matajiri.

"Alianzia kwenye mabaki," mzee alisema.

"Kambini hapakuwa na kingine."

"Basi ni mwenzetu."

Mabaki ya Runazi ni mabanzi. Gogo likipasuliwa, ubao wa kwanza wa kila upande hutoka na mgongo wa duara wenye gome. Hilo ndilo banzi. Wapasuaji hawalihesabu. Hulitoa kwa uzio wa kuku, kuta za choo, au hulichoma kwenye tanuru la matofali. Lakini banzi la mninga lina upande mmoja uliokatwa na msumeno, tayari kuwa kikalio, na upande mwingine wenye umbo halisi la mti. Kwa miaka mingi mzee amekuwa akiyanunua kwa bei ya kuni. Hupaka nta ya nyuki kwenye ncha zake ili maji yasitoke haraka upande huo na kupasua mbao, kisha huyalaza kivulini. Unene ukiwa inchi moja, husubiri mwaka; ukiwa mbili, husubiri miwili. Nyuki wa Biharamulo ndio wanaolisha karakana hii pande zote, kwa sababu nta hiyo hiyo, ikichanganywa na mafuta, ndiyo anayong'arishia kazi badala ya vanishi.

Kuhusu mninga huwezi kuzungumza na seremala yeyote wa ukanda huu kwa dakika tano bila uso wake kubadilika. Ukiukata, hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake si nzito kupita kiasi, kilo kama 640 kwa mita moja ya ujazo ikishakauka, karibu nusu ya uzito wa mpingo ambao huzama majini. Thamani yake kubwa iko kwenye utulivu: ikikauka haisinyai sana, haipindi, haipasuki ovyo. Mlango wa mninga uliotengenezwa masika hufunga kiangazi. Ndiyo maana ulitafutwa kila pori, na aliyeutafuta alitaka ulionyooka, mnene, usio na matawi hadi juu, kwa sababu lori hupakia kilichonyooka na soko hulipa kwa futi.

Jioni mzee alinipeleka mpakani mwa shamba la jirani yake. Ulikuwepo mninga mmoja, shina limejipinda kimo cha mtu, likaenda kando, kisha likapanda tena. Chini yake palijaa matunda makavu, mviringo, kila moja na miiba katikati na bawa jembamba linalolizunguka. Nilifurahi, nikasema kwa umbo lile angepata benchi la ajabu: lile pindo lingekuwa mkono wa kuegemea na kikalio kwa pamoja. Nilikuwa tayari kulipa.

Mzee alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kununua mbegu ili azikaange.

"Mwanangu, unajua kwa nini huu bado upo?"

Nilijua alipouliza. Ulipona kwa sababu ya kilema chake. Wapasuaji wote waliopita hapo kwa miaka na miaka waliutazama wakaona hauna ubao hata mmoja wa kuuzika. Ndugu zake walionyooka wamekuwa vitanda vya Mwanza na Dar es Salaam. Huu umebaki, na kwa kubaki umekuwa mama. Mininga midogo yoyote itakayoota upande ule wa Runazi itatokana na mbegu za mti kama huu.

Na mninga hauna haraka. Mche wake unaoota kwa mbegu huchipua wakati wa mvua. Kiangazi kikija, shina hukauka na kufa hadi usawa wa ardhi. Mwaka unaofuata huchipua tena na kufa tena. Huendelea hivyo miaka kadhaa, mtu anayepita akidhani ni gugu, huku chini mzizi ukinenepa. Siku mzizi unapokuwa na akiba ya kutosha, husukuma shina linalopanda haraka na kuuvuka moto wa nyika. Kuanzia hapo ni miongo kadhaa kabla ya seremala kuwa na la kusema. Wachache wana subira ya kuupanda, ndiyo maana mtu akitaka mbao za haraka hupanda paini au mkaratusi.

Sheria nayo imeuwekea uzio. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 mninga ni miongoni mwa miti inayolindwa: kuuvuna kunahitaji leseni, hata kama umeota shambani mwako. Lakini sheria iko ofisini na msumeno uko porini. Kilichoulinda mti ule kuliko karatasi yoyote ni kukosa bei.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaogopa yale niliyokuja kuyasifu. Makala nyingi kuhusu samani zinazofuata umbo la mti huishia kwenye wema: seremala anaheshimu maumbile, mteja anapata kitu cha pekee, msitu unapona. Mbili za kwanza ni kweli. Ya tatu ina mtego. Siku mti uliopinda utakapopata bei, kinga yake itakuwa imeondoka. Mwenye pesa ataagiza pindo, dalali atatumwa kutafuta pindo, na waliobaki mama watafuata walikokwenda walionyooka.

Hili si la kubahatisha. Mkurungu, ndugu wa mninga, unaojulikana Zambia na Kongo kwa jina la mukula, ulikuwa mti ambao vijiji vingi vya huko havikuuhesabu kuwa mbao ya maana, mpaka wanunuzi wa Asia walipoanza kuutaka kwa samani nyekundu. Katika miaka michache magogo yake yakajaza malori na makontena, na mwaka 2019 ikabidi uingizwe katika orodha ya CITES ya viumbe ambavyo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Mti haukuwa umebadilika. Kilichobadilika ni macho ya mnunuzi.

Niliendelea hadi Ngara, kupitia Lusahunga na Nyakahura, kwa sababu nilitaka kuona nchi ambayo iliwahi kupoteza miti yake kwa mkupuo. Kushoto na kulia kwa barabara vilima vinazidi kuwa vikali kadiri unavyoukaribia mpaka, na mbele kuna Rusumo, Mto Kagera ukiporomoka baada ya kupokea maji ya Ruvubu. Juu ya daraja la hapo, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa wiki chache. Watu wale walihitaji kupika kila siku na kujikinga mvua kila usiku. Vilima vilivyozunguka kambi vikabaki uchi, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Mafundi niliowakuta Ngara hawana rundo la mabanzi ya mninga. Wanayo migrevilea ya mipakani mwa mashamba, miembe iliyozeeka, na kitu ambacho sikukitarajia: mikahawa. Mkulima akikata mashina makongwe ili mkahawa uchipue upya, hubakiwa na vijiti vigumu, vizito, vilivyojisokota. Fundi mmoja, mama wa makamo aliyerithi tezo za baba yake, alikuwa akivitumia kwa miguu ya vimeza na vishikizo vya milango. Aliniambia mkahawa humfundisha mtu adabu, kwa kuwa ukilazimisha patasi dhidi ya msokoto wake, hukurudishia patasi usoni. Nilipomuuliza huchagua vipi kipi kiwe mguu na kipi kiwe kishikizo, alinijibu kwa kukiweka kijiti kiganjani mwangu. Vidole vyangu vikajifunga wenyewe penye pindo. "Hicho kishikizo," akasema.

Kazi ya mama yule ndiyo iliyonitatulia fumbo la mninga wa Runazi. Yeye hatafuti pindo, pindo humjia. Mkahawa hukatwa kwa sababu ya kahawa, mwembe hukatwa kwa sababu umeacha kuzaa au umeangukia paa, mgrevilea hukatwa kwa ajili ya mbao za nyumba na matawi yake huachwa. Fundi anaingia baadaye, uamuzi wa kukata ukiwa umekwisha kupita na kwa sababu nyingine kabisa. Hapo bei haiui mti. Inachofanya ni kunyang'anya moto kipande kilichokuwa kinaelekea jikoni. Mzee wa Runazi hufuata kanuni hiyo hiyo bila kuitangaza: katika rundo lake lote hapakuwa na tawi lililokatwa kwa ajili ya umbo lake.

Wamakonde waliohamia Dar es Salaam kutoka Msumbiji walijifunza upande wa pili wa jambo hili. Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa sanamu za mashetani katika miaka ya 1950, na waliomfuata, waliacha mpingo uamue: palipo na tundu, tundu likawa jicho, palipo na pindo, likawa mgongo wa kiumbe. Sanaa hiyo ilisambaa duniani. Mpingo, ambao nao hukua taratibu mno, ukaanza kutafutwa mbali zaidi na zaidi. Kusikiliza umbo la mti ni nusu ya maadili. Nusu nyingine ni kuuliza mti ulikuwa umesimama au ulikuwa tayari chini pale ulipoanza kuusikiliza.

Niliporudi Runazi nilimwambia mzee nataka benchi, lakini simchagulii mti. Aliuliza watakaa wangapi, ndani au nje, sakafu ya saruji au ya udongo, na kama kuna mzee wa kuegemea. Hakuuliza napenda umbo gani. Kikalio kilikuwa banzi la mninga la unene wa inchi mbili, lililokaa kivulini mwake kwa miaka. Panda upande mmoja na miguu miwili ya kawaida upande mwingine ilitoka kwenye mwembe wa jirani ulioangushwa na upepo. Ufa mdogo kwenye kikalio ulifungwa kwa kabari ya kipepeo. Mjukuu ndiye aliyeichonga, baada ya kuitazama picha ya Nakashima kwa usiku mmoja, na babu aliiacha ionekane.

Mtendaji wa kijiji aliniandikia barua kueleza mwembe umetoka wapi, na fundi akanipa nakala ya karatasi za wapasuaji waliomuuzia banzi la mninga. Kwenye geti la ukaguzi njiani, ofisa wa maliasili alizisoma zote kwa makini, kisha akatoa futi kamba. Urefu haukumpa taabu. Kwenye upana alisimama. Alipima mwanzo, akapima katikati, akapima mwisho, akapata namba tatu, na fomu ilikuwa na nafasi ya moja. Tulicheka wote wawili. Mwishowe aliandika iliyo kubwa zaidi, akasema serikali haiwezi kupunjwa.

Benchi lilipofika Mwanza, mama mwenye mgahawa ninayemfahamu alilikalia, akaagiza mengine sita kama lile, yanayolingana, kabla ya msimu wa wageni. Nilimpigia simu mzee. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimuulize mama huyo swali moja: anataka sehemu sita za kukaa, au anataka kitu kimoja mara sita? Akitaka kitu kimoja mara sita, paini ipo, na vijana wa mjini wanairanda vizuri. Akitaka za kukaa, asubiri rundo lilete.

Mama alikasirika, akakaa siku kadhaa bila kunijibu, halafu akakubali kusubiri. Hadi ninapoandika haya yamemfikia manne: mawili ya mwembe, moja la mgrevilea, moja la mabanzi. Hayalingani kimo wala upana, na wateja wake wameshaanza kugombania lipi ni la nani. Mawili yaliyobaki hajui yatakuja lini, kwa sababu hakuna mti unaokatwa kwa ajili yake.